Re: Deni haliishi, nikipita Kariakoo najikuta nimenunua

Mkuu pole, umeuliza unapata wapi moyo wa kuendelea kulipa wakati deni la milioni mbili haliishi na Kariakoo inakuita kila mshahara ukitoka. Nimepita humo humo. Nilikuwa na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ya laki 6, riba asilimia 10 kwa mwezi, yani elfu 60 inaondoka na deni liko pale pale limekaa, bado la kikoba na la dukani kwa Mangi.

Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu nikachora viboksi 60, kila kimoja elfu 10, nikilipa napaka rangi nyekundu, karatasi nikabandika ndani ya mlango wa kabati la nguo kwahiyo kila asubuhi nikitoa shati naiona. Ujinga ujinga tu lakini ukifika kiboksi cha 20 huwezi kuacha.

Mshahara ukiingia natuma kwanza kwa mdai kabla sijatoka ofisini, inayobaki naitoa keshi maana ya kwenye simu inateleza. Magrupu ya wasap ya viatu nilileft yote. Nikitamani kitu naandika nyuma ya daftari nasubiri mwezi uishe, kuna blenda niliandika Machi mpaka leo sina na wala sikumbuki.

Kilichonishinda ni michango ya harusi, hapo sina ushauri aisee 😂

Anza na lenye riba, kikoba ongea nao. Ila hujasema, hilo lako ni la riba au umekopa kwa shemeji?