Ada hakuna, ila darasa la nne lipo

Shem, sauti uliyonitumia kutoka soko la Mwaloni, Mwanza, nimeisikia, na kelele za wapakia dagaa nyuma yako. Unauliza kama kweli Ujerumani wanasoma bure toka chekechea hadi chuo kikuu, na kama kijana wako wa Form Four aje.

Hapa Würzburg, mji pacha wa Mwanza tangu 1966, chekechea ndiyo tunayolipia. Jimbo la Bavaria linachangia euro 100 kwa mwezi. Kuanzia shule ya msingi ada hakuna, na vyuo vikuu vingi vya serikali unatoa mchango wa muhula tu.

Kinachoniuma ni darasa la nne. Watoto wa miaka kumi wanachujwa! Wanajumlisha Kijerumani, hesabu na maarifa ya jamii, wanagawa kwa tatu. Huku 1 ndiyo alama ya juu, 6 ya mwisho. Wastani ukiishia 2.33 unaingia Gymnasium, sekondari ya njia ya moja kwa moja ya chuo kikuu. Ukiishia 2.66, Realschule, sekondari ya ngazi ya kati. Waliobaki, Mittelschule, ngazi ya chini yake. Mwanangu alipata 2 hesabu, 2 maarifa, 4 Kijerumani. Ile Mei aliweka karatasi mezani akaenda kulala na viatu. Nyumbani tunaongea Kiswahili na Kisukuma, insha nani angemsahihishia? Kumbe tungeweza kuomba apimwe tena kwa siku tatu. Barua ya shule ilieleza. Mimi sikuielewa, muda ukapita.

Sasa yuko darasa la tisa Realschule, anataka ufundi umeme. Hapo nawasifu Wajerumani. Mafunzo ni miaka mitatu na nusu, siku moja au mbili kwa wiki mwanafunzi yuko darasani, zilizobaki yuko kazini na fundi, na mshahara anapokea kila mwezi. Sijasikia mtu hapa akimwita fundi aliyefeli, kama tunavyowasema vijana wa VETA huko kwetu.

Kwa hiyo kijana wako asikimbilie chuo. Viza ya mwanafunzi inataka uonyeshe euro 11,904 za mwaka mmoja, kwa kawaida kwenye akaunti iliyofungwa, unayotoa kidogo kidogo kila mwezi. Usiuze mtumbwi wala injini kwa ajili hiyo. Aanze umeme hapo VETA, jioni asome Kijerumani mpaka kiwango cha B1, yaani cha kati, ndipo tumtafutie mkataba wa ufundi. Vitabu vyangu vya B1 bado ninavyo, nitampa mama wa Igoma anayerudi Agosti.