Bata Aliyetetemeka: Kabla Hujakata Picha za Katuni

Katuni yangu ya kwanza ilikuwa bata anayetembea. Nilimchora kwenye karatasi 12, nikapiga picha kwa simu, kisha nikaikata kila picha kivyake, nikibana kingo hadi kwenye mdomo na mkia. Nilijiona fundi kweli. Kuicheza tu, bata anatetemeka kama mwenye homa, mara kahama kushoto, mara kazama.

Ilinichukua siku nzima kuelewa. Bata akinyoosha mguu, picha iliyobanwa inapanuka upande mmoja, akiukunja, inasinyaa. Programu inaweka katikati ya kila picha mahali palepale, kwa hiyo mwili ndio unaohama. Siku hizi nazipanga fremu zote, yaani picha moja moja za katuni, juu kwa juu, naitafuta iliyojitanua kuliko zote, nachora boksi moja la kuitosha, na kwa boksi hilohilo nakata zote. Nafasi tupu inayobaki pembeni isikukere: toa rangi ya karatasi, hifadhi kwa PNG, aina ya faili inayoweza kuacha sehemu wazi kama kioo, na mandhari ya nyuma yataonekana. Ukichora kwa mkono, piga alama ya msalaba kwenye pembe mbili za kila karatasi, mahali palepale. Bila alama hizo utalinganisha kwa macho, na macho yanadanganya.

Kwa picha za mandhari, jiulize kwanza kama kamera itasogea. Video ya kawaida ni pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1920 kwa 1080. Ukitaka kuvuta karibu mara mbili, picha iwe angalau 3840 kwa 2160. Picha ya simu ya 4000 kwa 3000, ukiikata kwa uwiano wa 16:9 kama wa video hiyo, inabaki 4000 kwa 2250, inatosha. Ile ya 1920 ukiivuta hivyo, pikseli 960 tu za upana ndizo zinazojaza kioo, nyingine programu inabuni, na ukungu unaingia. Mambo ya dpi 300, yaani nukta 300 kwa inchi, waachie wachapaji.

Picha ya mraba usiinyooshe ijaze kioo, watu watanenepa. Mteja akikutumia nembo kwa WhatsApp, mwombe aitume kama dokumenti, maana ikija kama picha inabanwa na kupoteza ubora.

Na ukate kwenye nakala. Mimi nilikuwa nimekata faili zenyewe, karatasi nimeshatupa. Bata wote 12 nikachora upya.