Shangazi wa Safari Anajibu: Gawanya Watu, Usigawanye Njia

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia na nauli za safari za mbali. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana tatizo lake wanalo wengi na hawajui kama wanalo.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunataka kuwapeleka watoto wetu wawili Toronto likizo ijayo. Nauli ya shirika moja mpaka mwisho ilinitisha. Nikatafuta mwenyewe kwenye simu, nikaona nikinunua tiketi mpaka Istanbul kwa shirika la bei nafuu, halafu tiketi nyingine ya Istanbul mpaka Toronto, ninaokoa karibu theluthi. Kati ya ndege na ndege kuna saa tatu na dakika kumi. Mume wangu anasema nilipe upesi kabla bei haijapanda. Nilipe? – Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usilipe kwanza. Fungua tena hizo tiketi mbili utazame herufi tatu zilizo kando ya neno Istanbul. Ndege nyingi za bei nafuu hutua SAW, yaani uwanja wa Sabiha Gökçen ulio upande wa Asia. Ndege za Toronto huondokea IST, uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 2018 upande wa Ulaya. Katikati pana mlango wa bahari wa Bosporus na foleni za magari za mji wenye watu zaidi ya milioni 15. Kama ndivyo zilivyo tiketi zako, saa tatu na dakika kumi hazitoshi hata ndege ikitua kwa wakati. Mtego kama huo upo Tokyo kati ya Narita na Haneda, upo London kati ya Heathrow, Gatwick, Stansted na Luton, na upo New York, ambako uwanja wa Newark uko katika jimbo jingine kabisa.

Tuseme herufi zinafanana. Bado nasema usilipe.

Tiketi mbili ni mikataba miwili isiyojuana. Shirika la kwanza limekuahidi kukufikisha Istanbul. Likikuchelewesha saa mbili, litakuomba radhi na kazi yake itakuwa imekwisha. Shirika la pili halina habari kwamba mlikuwa angani. Kwake ninyi ni abiria wasiotokea, na abiria asiyetokea kwa kawaida hufutiwa safari yote iliyobaki, pamoja na ya kurudi. Mizigo nayo haitapita yenyewe. Kibandiko cha begi kitaandikwa Istanbul, kwa hiyo mtapanga foleni ya uhamiaji (na huenda mkahitaji viza ya Uturuki), mtasubiri mabegi, mtatoka nje, kisha mtapanga foleni upya kwenye kaunta ya kukabidhi mizigo. Kaunta za safari za kimataifa mara nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka. Piga hesabu hiyo ukiwa na watoto wawili wenye usingizi.

Nilipokuwa nikifanya kazi kwa wakala wa tiketi, simu zilizoniuma kuliko zote zilikuwa za watu waliokwama njiani na tiketi mbili mkononi. Walinieleza kila kitu kwa utaratibu, wakiamini nina mahali pa kupiga simu. Sikuwa nalo la kuwapa ila kuwauzia tiketi nyingine kwa bei ya siku ileile, ambayo ndiyo bei mbaya kuliko zote. Ninyi mko wanne. Theluthi unayoiokoa leo inaweza kutoka mara mbili yake usiku mmoja.

Ukiwa na tiketi moja, mambo hugeuka. Kuchelewa kwa ndege ya kwanza ni mzigo wa shirika, si wako: ni juu yake kukutafutia ndege nyingine ya kukufikisha ulikokusudia. Kwa safari zinazoanzia katika nchi za Umoja wa Ulaya kuna hata sheria, Kanuni ya 261 ya mwaka 2004, inayompa abiria wa safari ndefu fidia ya mpaka euro 600 akichelewa sana kufika, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa shirika. Na kuchelewa huko hupimwa kwenye kituo cha mwisho pale tu safari yote ilipohifadhiwa pamoja.

Tahadhari moja hapa: kulipa mara moja si kupata tiketi moja. Zipo tovuti zinazokusanya tiketi za mashirika yasiyohusiana na kukuuzia kwa ankara moja. Soma maelezo ya katikati ya safari. Ukiona umeambiwa uchukue mizigo yako mwenyewe na kuikabidhi upya, jua umeuziwa mbili.

Sasa hiyo theluthi tuitafute kwingine. Viti vya daraja la kawaida havina bei moja. Vimepangwa katika mafungu, la chini likiisha linafunguliwa la juu yake. Ukitafuta viti vinne na fungu la chini limebaki na viti viwili, mtambo mara nyingi hukupa vyote vinne kwa bei ya fungu la juu. Kwa hiyo tafuta upya ndege ileile kwa mtu mmoja, kisha kwa wawili. Ukiona bei imeshuka, nunua wawiliwawili, kila mzazi na mtoto mmoja, halafu lipigie shirika simu uombe wahusianishe namba zenu za uhifadhi ili wajue ninyi ni familia. Ndiyo maana nasema gawanya watu, usigawanye njia. Jaribu pia kusogeza siku ya kwenda na ya kurudi, moja moja, mbele na nyuma. Likizo za shule ni ghali kila mahali, lakini ndani ya likizo hiyohiyo siku mbili tatu hubadilisha bei sana.

Na kama baada ya yote hayo bado mnataka Istanbul kwa tiketi mbili, laleni pale usiku mmoja, viza mkononi, na mlipie bima ya safari inayotaja kwa maandishi kwamba inafidia ndege uliyoikosa kati ya tiketi zisizohusiana. Bima nyingi hazifidii.

SWALI: Shangazi, nimeanza kazi na hii ni likizo yangu ya kwanza ya ng'ambo. Nimesikia mtu anaweza kuona miji miwili kwa nauli ya mmoja kwa kusimama njiani. Ni kweli, au ni maneno ya matangazo? – Kijana Mwenye Begi Moja

JIBU: Ni kweli, na nafurahi umeuliza mapema, kwa sababu hili hupangwa kabla ya kununua. Baada ya kununua, kuliongeza ni gharama.

Shika namba 24. Katika safari za kimataifa, ukikaa njiani chini ya saa 24, unahesabiwa kuwa unaunganisha ndege tu. Zikizidi, umesimama, na kila nauli ina sharti lake kuhusu kusimama: nyingine zinaruhusu bure, nyingine kwa malipo, nyingine haziruhusu kabisa. Yapo mashirika yanayotaka usimame kwao ili uione nchi yao. Icelandair kwa muda mrefu imewaruhusu wanaovuka kati ya Ulaya na Amerika Kaskazini kukaa Iceland mpaka siku saba bila kuongeza nauli. TAP ya Ureno inafanya hivyo Lisbon au Porto, mpaka siku kumi. Turkish Airlines ina mpango wa hoteli Istanbul kwa baadhi ya abiria, na Qatar Airways huuza vyumba vya Doha kwa bei ya punguzo. Masharti hubadilika, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya shirika lenyewe siku unayonunua.

Unapotafuta, usichague "kwenda na kurudi". Chagua sehemu ya "miji mingi" ujaze kila kipande na tarehe yake, ndani ya tiketi moja. Hapo hapo jaribu kuingia kwa mji mmoja na kurudi kwa mwingine, kwa mfano kushukia Tokyo na kupandia Osaka. Mara nyingi nauli haizidi, na unaepuka kulipia treni ya kurudi nyuma. Mimi naipenda njia hii kuliko zote, na sielewi kwa nini watu wanaitumia kwa nadra hivyo.

Ile namba 24 inagusa na kodi. Uingereza hutoza ushuru wa abiria kwa wanaoondoka viwanja vyake, na ushuru huo hupanda kadiri unavyokwenda mbali. Anayeunganisha tu London chini ya saa 24, kwa tiketi moja, halipi. Anayelala siku mbili analipa. Kwa hiyo mapumziko ya London yanaweza kuigharimu tiketi kuliko hoteli yenyewe, ilhali ya mji mwingine hayaongezi kitu.

Namba nyingine ni 12, na hii haiandikwi kwenye tiketi. Nchi nyingi humdai cheti cha chanjo ya homa ya manjano mtu aliyepita zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, hata kama hakutoka nje. Ethiopia na Kenya zimo katika nchi hizo, na viwanja vyake vinaunganisha abiria wengi. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha. Ichome mapema, usisubiri wiki ya safari.

Ukikosa siku nzima, usidharau saa chache. Uwanja wa Changi huwatembeza bure mjini Singapore abiria wenye angalau saa tano na nusu za kusubiri, mradi masharti ya kuingia nchini yasiwazuie.

SWALI: Je, tiketi hushuka bei Jumanne usiku wa manane? Na je, nikitafuta mara nyingi simu inanipandishia bei? – Msomaji wa Siku Zote

JIBU: Hakuna usiku wa ajabu, mwanangu, lala. Bei hufuata viti vilivyobaki na msimu, na siku unayoruka ina uzito kuliko siku unayonunua. Ile bei unayoona ikipanda ukirudi kutafuta, mara nyingi ni fungu la chini limeisha. Omba kujulishwa bei ikibadilika kwenye Google Flights, tovuti ya kutafutia nauli, miezi kadhaa kabla, uone mwenendo wake, na ikishuka nunua. Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani, sheria ya huko huyataka mashirika yakupe saa 24 za kushikilia nafasi au kufuta bila adhabu, kama umenunua kwao moja kwa moja na safari iko siku saba mbele au zaidi.

SWALI: Shangazi, mimi ni mwalimu mstaafu. Nimepata tiketi nzuri inayopita Paris, saa nne tu, na sitatoka nje ya uwanja. Wakala anasema nisihangaike na viza. Nimsikilize? – Mwalimu

JIBU: Mwalimu, heshima yako. Jibu liko kwenye pasipoti yako, si kwa wakala. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, zina orodha ya pamoja ya mataifa ambayo raia wake huhitaji viza hata ya kupita tu ndani ya uwanja. Kongo ya Kinshasa, Somalia, Ethiopia, Nigeria na Ghana zimo, na kila nchi mwanachama yaweza kuongeza mataifa yake. Mwenye viza hai ya Marekani, Kanada au Japani husamehewa orodha hiyo ya pamoja. Tazama pia ndege ya pili. Kama inatoka Paris kwenda Madrid, hapo umeingia Schengen pale Paris, na viza ya kupita uwanjani haitakusaidia. Utahitaji ile kamili. Marekani ni ngumu zaidi: kila anayepita hukaguliwa kama anayeingia, hata akisubiri saa mbili.

Wanaokukagua kaunta hutumia hazina ya taarifa iitwayo Timatic, ya umoja wa mashirika ya ndege, IATA. Kabla ya kulipa, lipigie shirika lenyewe na uwaombe wasome kilichoandikwa humo kwa uraia wako, njia yako yote, na tarehe ya mwisho ya pasipoti. Kama pasipoti imebakiza chini ya miezi sita, ibadilishe kwanza, kisha ndipo ununue tiketi, kwa jina lilelile herufi kwa herufi.