Marioo, mchunaji au tapeli?

SWALI: Ninatafsiri maandishi ya chini ya filamu zinazohusu wanaume wenye haiba wanaoishi kwa pesa za wapenzi wao matajiri. Mhusika wa aina hiyo mimi humwita "marioo". Mwenzangu hunisahihisha kila mara, anasema hilo ni neno la mitaani, niandike "tapeli wa mapenzi". Mwingine anapendekeza "kibenten". Lipi ni sahihi? Na mhusika akiwa mwanamke nimwiteje?

JIBU: Endelea na "marioo", ila usilitwike kila filamu. Maneno hayo matatu hayataji mtu mmoja, na mwenzako anayekusahihisha anabadilisha hadithi pasipo kukusudia. Tapeli huchukua mali ya mtu kwa uongo. Aliyetapeliwa ameamini jambo ambalo halipo. Marioo hana haja ya uongo huo. Mwanamke anajua kwamba kodi, mavazi na gari vyote vinatoka mfukoni mwake, na kijana anajua kwamba mwenzake anajua. Ukimwita tapeli, umemgeuza mwanamke kuwa mjinga aliyeibiwa, wakati filamu nyingi za aina hii zimejengwa juu ya yale anayoyajua na kuyakubali.

Chukua Sunset Boulevard, filamu ya Billy Wilder ya mwaka 1950. Joe Gillis, mwandishi wa miswada ya filamu aliyezama kwenye madeni, anawakimbia watu waliotumwa kulichukua gari lake na kujikuta kwenye jumba la Norma Desmond, nyota wa enzi za filamu zisizo na sauti. Norma anamwajiri amrekebishie mswada wake, anamhamishia nyumbani kwake, anamnunulia nguo. Joe hakujipachika jina la bandia wala utajiri wa kubuni. Dukani, mwuzaji anamnong'oneza kwamba maadamu bibi ndiye anayelipa, basi achukue koti la bei kubwa zaidi. Aibu ya tukio lile inatokana na kwamba hakuna siri: hata mwuzaji ameshaelewa. Neno "tapeli" lingeifuta aibu hiyo yote.

Kitenzi kinachomfaa Joe tunacho, nacho ni "kulelewa". Watu husema "yule analelewa na mwanamke", na katika sentensi hiyo fupi sarufi inafanya kazi kubwa. Kulea ni kazi ya mzazi kwa mtoto. Mwanamume mzima anapokuwa kiima cha kitenzi cha kutendwa, tena kitenzi hiki, anashushwa bila tusi lolote kutajwa. Kwa mtafsiri hii ni hazina, kwa kuwa maandishi ya chini hayana nafasi ya maelezo. "Unalelewa wewe!" ni maneno mawili tu, na mtazamaji ameelewa nani analipa, nani anapokea na msemaji anamwonaje.

Sasa linganisha na Dirty Rotten Scoundrels ya mwaka 1988. Lawrence Jamieson, aliyeigizwa na Michael Caine, anaishi kifahari katika pwani ya kusini mwa Ufaransa kwa kujifanya mwanamfalme aliye uhamishoni, na wanawake matajiri humpa mali wakiamini wanasaidia mapambano ya watu wake. Hapa mwenzako yuko sahihi kabisa: huyu ni tapeli, wala hakuna anayemlea. Mimi ningekwenda mbele kidogo. Filamu hiyo inamweka Lawrence, mwenye adabu na suti zilizokaa, dhidi ya Freddy wa Steve Martin, anayelilia nauli na chakula kwa kisa cha bibi yake mgonjwa. Freddy abaki na "tapeli". Lawrence mpe "ayari", neno la zamani la mdanganyifu mwenye akili na ustadi. Linasikika la kizamani kidogo, na ukale huo unaendana na mtu anayejivunia kuwa na mtindo.

Katika American Gigolo ya mwaka 1980, Julian Kay halelewi na wala hatapeli. Analipwa kwa miadi, na hiyo ni biashara. Neno lake ni "kahaba", ambalo kisarufi halina jinsia. Ongeza "wa kiume" pale tu mtazamaji anapoweza kuchanganyikiwa.

Kuhusu hoja ya neno la mitaani: ndiyo, "marioo" lilianzia kwenye mazungumzo ya watu, lakini si neno lisilo na ukoo. Linahusishwa na Mario, kijana wa wimbo wa Kilingala wa Franco Luambo na TPOK Jazz wa mwaka 1985, msomi asiyefanya kazi ambaye anaishi kwa mwanamke tajiri anayemzidi umri hadi mwanamke huyo akachoka. Tangu hapo neno limeota mizizi katika lugha yetu: tunasema "mamarioo" kwa wingi, na hali yenyewe tunaiita "umarioo". Lugha inapoanza kuliambisha neno namna hii, imeshalikubali. Mazungumzo ya filamu nayo ni mazungumzo ya watu, kwa hiyo sioni sababu ya wahusika kusema kama tangazo la serikali. Kwenye makala rasmi unaweza kuandika "mwanamume anayelelewa" ukaeleweka vizuri.

"Kibenten" sikushauri. Limetokana na katuni ya Ben 10, ambayo shujaa wake ni mtoto wa miaka kumi, kisha kiambishi ki- kikamdogosha zaidi. Neno hilo linataja umri: kijana wa mwanamke anayemzidi miaka. Huenda ana pesa zake mwenyewe. Na katika filamu ya 1950 litamshtua mtazamaji, kwa sababu katuni hiyo ilianza mwaka 2005.

Mhusika akiwa mwanamke, kuna jaribio zuri katika filamu ya Kifaransa Hors de prix ya mwaka 2006. Irène anaishi kwa kuwapata wanaume matajiri. Jean, mfanyakazi wa hoteli aliyempenda, anaishia kulelewa na mjane tajiri, na Irène ndiye anayemfundisha mbinu. Kitenzi "kuchuna", yaani kumla mpenzi pesa zake, kinawafaa wote wawili, hivyo "mchunaji" litakusaidia sana popote jinsia zinapokutana. "Kimada" humtaja mwanamke aliyewekwa na mwanamume, na halisemi kama ana ujanja wowote. "Mdangaji", neno la mitaani la mwanamke anayeishi kwa pesa za wanaume, lina ukali. Sikiliza kwanza ni nani anayesema. Likitoka kwa hasimu wa Irène, sawa. Likiwa ni neno la mtafsiri mwenyewe, umeshamhukumu mwanamke kwa jambo ambalo Jean anafanya pia na hukumpa jina kali kama hilo.

La mwisho ni upatanisho wa kisarufi wa "buzi", yule anayechunwa. Kwa kuwa neno limekuzwa kutoka "mbuzi", utasikia "buzi langu limefika" na pia "buzi wangu amefika". Yote mawili hutumika, lakini hayalingani: la kwanza linamfanya mtu kuwa kitu cha kutumiwa, la pili linamwachia utu kidogo. "Jimama", yule mwanamke mtu mzima anayemlea kijana, nalo lifuate njia hiyohiyo. Mhusika anayedharau mpe "jimama lile limepiga simu". Anayeanza kupenda kweli mbadilishie iwe "yule mama amepiga simu".