Sindano moja kwa jipu sugu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, ambaye ana kisukari, aliota jipu kubwa pajani, akabadilishiwa dawa mara kadhaa kabla ya kupona. Ndugu yetu aliyeko Marekani anasema kuna dripu ya mara moja tu inayotosha. Je, tuitafute? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba. Ndugu yenu anasema kweli. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha antibiotiki tatu, dalbavansini, oritavansini na tedizolidi, kwa maambukizi makali ya ngozi, yakiwemo ya stafilokokasi sugu kwa methisilini, yaani bakteria wa majipu wasiouawa na antibiotiki nyingi za kawaida. Dalbavansini huweza kutolewa mara moja, miligramu 1,500 kwa dripu ya dakika 30, kwa sababu hutoka mwilini polepole mno na huendelea kuua bakteria kwa zaidi ya wiki. Tedizolidi hutumika mara moja kwa siku, kwa siku 6.

Hata hivyo, siwashauri muanzie huko. Jipu lililoiva hutibiwa kwanza kwa kupasuliwa na kutolewa usaha, na hakuna dawa, hata iwe mpya kiasi gani, inayochukua nafasi ya kazi hiyo. Likirudi, ombeni usaha uchukuliwe na kuoteshwa maabara kabla ya dozi ya kwanza, kwani mara nyingi majibu huonyesha kwamba doksisaiklini au kotrimoksazoli, ambazo ni za bei nafuu, bado zinafaa. Sukari yake nayo ipimwe. Akipata homa, wekundu ukisambaa upesi, au maumivu yakizidi kidonda kinavyoonekana, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.