Sukari imeshuka, mgonjwa amelegea: anyweshwe au asinyweshwe?

SWALI: Mama yetu ana miaka 68, ana kisukari na anameza vidonge vya glibenklamidi. Juzi alilala bila kula. Alfajiri tukamkuta anakoroma, jasho linamtiririka. Tukimwita anafumbua macho kidogo, kisha anayafumba. Jirani alitaka kumnywesha maji ya sukari, dada akamzuia. Nani alikuwa sahihi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Jirani aliutambua ugonjwa. Kumeza dawa hiyo na kulala njaa, kisha jasho na kulegea, ni sukari iliyoshuka, yaani chini ya milimoli 3.9 kwa lita. Lakini dada ndiye aliyefanya sawa.

Kabla ya sukari, angalieni fahamu. Akiweza kukaa, kujibu na kumeza mwenyewe, mpeni gramu 15 za sukari: vijiko 3 vya chai vilivyojaa kwenye nusu glasi ya maji, au mililita 150 za soda ya kawaida. Pimeni tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudieni. Ikipanda, ale uji au mkate. Kama hamna mashine ya kupimia, msipoteze muda kuitafuta, mpeni tu.

Mama hakuwa hivyo. Mtu anayefumbua macho kwa kuitwa tu, na kuyafumba tena, hawezi kuaminiwa kumeza. Maji yangeingia mapafuni. Na ule mkoromo msiudhanie usingizi mzito: ulimi umelegea na kubana njia ya hewa. Mlazeni ubavu. Piga goti pembeni yake, nyoosha mkono wake wa upande wako, weka kiganja cha mkono wa pili chini ya shavu, kunja goti la mbali, umvute kuelekea kwako. Rudisha kichwa nyuma kidogo, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke. Kisha hospitali haraka, apewe glukosi kwa mshipa. Njiani mtazameni kifua. Pumzi ikikatika, mlazeni chali na kumkandamiza kifua katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Hata akizinduka nyumbani, mpelekeni. Glibenklamidi hufanya kazi hadi saa 24, na kwa mzee mwenye figo dhaifu huzidi, hivyo sukari inaweza kushuka tena jioni akiwa peke yake. Bebeni pakiti ya dawa, mwambieni daktari kwamba alilala bila kula, na mwulizeni kama kwa umri wake kuna dawa salama zaidi.