Usitupe Upande wa Pili: Kuokoa Sahani na Kanda za Dansi Hapa Tanga

Sanduku la mzee likifunguliwa katika nyumba za Ngamiani, watu hukimbilia sahani za santuri zenye majina makubwa: Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Kaseti zisizo na kava, zilizoandikwa kwa bolpeni "MCHANGANYIKO", wanapewa watoto wachezee. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Sahani ilichapwa nakala nyingi, na hata yako ikipasuka kuna mtu Mombasa, Nairobi au Ulaya anayo nyingine. Kanda iliyorekodiwa redioni jioni ya Jumamosi, yenye nusu saa ya dansi, kisha matangazo ya vifo, kisha mpira kutoka Mkwakwani, iko moja tu. Isitoshe, bendi nyingi zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo nyingi za huko hazikutolewa kwenye sahani kamwe. Kwa hiyo anza na kaseti, sahani zitasubiri.

Usiifanye kazi hii wakati wa masika. Kanda inataka hewa yenye unyevu wa asilimia 30 hadi 50, na Aprili hapa mwambao unyevu unapita 80 bila shida. Ngoja kipupwe, Juni mpaka Agosti, na hata hapo fanya kazi mchana, jua likiwa limekausha hewa.

Kabla kaseti haijaingia kwenye mashine yoyote, ielekeze dirishani uangalie kingo za utepe kupitia kile kidirisha cha plastiki. Utepe mzima unang'aa, rangi ya kahawia au nyeusi, na kingo zake zimelala sawasawa. Ukiona vidoa vyeupe au nyuzi nyuzi, huo ni ukungu. Usiipige. Ukungu utahamia kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma utepe, na deki itauambukiza kila utepe utakaofuata. Kaseti kama hiyo ifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, kwa wiki mbili. Ukungu ukishakauka, toka nayo nje barazani, vaa barakoa, uzungushe utepe wote taratibu kwa bolpeni huku ukiupitisha katikati ya kitambaa laini kikavu. Usibane. Ukishaufikisha mwisho, hamishia magurudumu yote mawili kwenye gamba jipya, maana gamba la zamani bado lina vumbi la ukungu pembeni.

Gamba jipya linapatikana kwa kuchinja kaseti isiyo na thamani. Tafuta yenye skrubu tano. Zile zilizogandishwa kwa gundi hazifunguki bila kuvunjika. Ukifungua, laza kaseti mezani, usiinue kipande cha juu kwa haraka, na piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu, kwa sababu vile viroli viwili vya pembeni na karatasi mbili za kuteleza vikikaa vibaya utepe utakwama. Hapo hapo chungulia kipande kidogo cha sponji kilicho juu ya bati jembamba katikati ya mdomo wa kaseti. Gundi yake hukauka na sponji huanguka. Sauti inayofifia na kurudi, watu wanadhani wimbo umefutika, mara nyingi ni sponji hiyo tu. Ichukue ya kaseti uliyoichinja.

Utepe uliokatika usiungwe kwa selotepu ya kawaida. Gundi yake inatoka pembeni baada ya miezi na kubandika mizunguko miwili pamoja. Tumia tepu maalumu ya kuungia, kata ncha zote mbili kwa mshazari, na ibandike upande wa ndani, ule usiogusa hedi. Kaseti za dakika 60 na 90 zinavumilia kazi hii. Ya dakika 120 ina utepe mwembamba mno: usiirudishe nyuma kwa kasi, iache iende mwendo wake.

Sasa deki. Hedi inasafishwa kwa kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili, asilimia 90 au zaidi. Si spiriti ya vidonda, ambayo mara nyingi ina mafuta yanayobaki juu ya hedi, wala si spiriti ya rangi ya kuwashia jiko. Roli ya mpira ya deki, ile inayobana na kuvuta utepe, usiipake alkoholi, inakauka na kupasuka; ifute kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni, kisha kavu. Roli chafu ndiyo inayotafuna kanda. Kama deki imelala kabatini miaka mingi, fungua utazame belti kwanza: mpira wa zamani huyeyuka ukawa lami, na lami hiyo ikifika kwenye utepe hakuna la kufanya.

Peleka kanda mbele mpaka mwisho, irudishe mpaka mwanzo, ndipo uipige. Ikilia kwa kukwaruza wakati wa kupelekwa mbele, simama.

Halafu kuna skrubu moja ndogo kando ya hedi, yenye springi, ambayo mafundi wengi wa simu hawaijui kabisa. Inapanga mlalo wa hedi. Kanda iliyorekodiwa kwenye redio kaseti ya jirani mwaka 1982 haiwezi kulingana na deki yako, na matokeo yake ni sauti butu, kana kwamba bendi inapiga chumba cha pili. Weka alama ya wino mahali skrubu ilipo, piga kanda kwa mono, kisha izungushe kidogo kidogo, isizidi robo mzunguko, huku sikio likiwa kwenye manyanga. Si kwenye sauti ya mwimbaji, si kwenye gitaa la solo. Pale manyanga yanapokuwa makali kuliko kote, hapo ndipo. Ukimaliza kanda hiyo, rudisha skrubu kwenye alama yako.

Sahani zina kanuni moja ya hatari. Zile nzito za mizunguko 78, zinazovunjika kama kigae, zimetengenezwa kwa shelaki, na alkoholi huyeyusha shelaki. Maji safi yenye tone la sabuni tu, kisha kausha mara moja. Za mizunguko 45 na zile kubwa za 33 ni vinili, na dawa yake ni mililita 400 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, mililita 100 za isopropili na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Maji hayo yanauzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo. Maji ya bomba au kisima yana chokaa, nayo ikikauka ndani ya mifereji unapata mlio wa kukaanga usioisha. Futa kwa kufuata mifereji, si kwa kuikata, suuza kwa maji yale yale yasiyo na kitu, na lebo isilowe. Lebo ndiyo yenye namba ya sahani, na bila namba hutajua imetoka lini.

Tabia ya kuweka sarafu juu ya mkono wa sindano ili isiruke iachwe. Sindano nyingi za sasa zinataka uzito wa gramu moja na nusu hadi mbili. Ukiongeza sarafu unalima. Sahani ikiruka, ama ni chafu, ama imepinda, ama sindano imechakaa. Na sahani za 78 zinahitaji sindano yake yenyewe, nene zaidi. Ile nyembamba inazama chini ya mfereji na kuokota takataka tu.

Mwendo wa mashine unapimwa bila kifaa. Bandika kipande cha karatasi ukingoni, uhesabu: kwenye 45 kipite mara 45 kwa dakika moja, kwenye 33 kipite mara 100 kwa dakika tatu. Mashine ikienda haraka, kila mwimbaji anageuka mtoto.

Kuingiza kwenye kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Mashine ya sahani lazima ipitie priampu ya santuri, kifaa kinachokuza na kusawazisha sauti ya sindano, la sivyo sauti itakuwa nyembamba, besi haipo. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, kilele kisipite desibeli 6 chini ya mwisho. Hiyo inakula takriban megabaiti 17 kwa dakika, yaani kaseti ya dakika 60 ni gigabaiti moja. Hifadhi kwa WAV, faili lisilobanwa. MP3 tengeneza baadaye, ya kutumiana kwenye WhatsApp.

Hapa tunafika kwenye kosa linaloudhi kuliko yote. Sahani ya 45 ilibeba dakika tatu, nne kila upande, na wimbo wa dansi ukumbini ulikwenda zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukakatwa: upande wa kwanza maneno, upande wa pili chemko, pale magitaa yanapoachiwa, ridhimu inakaza na saksafoni inajibu. Mtu anarekodi upande A, anaona B imeandikwa jina lile lile, anadhani ni marudio, anaiacha. Amechukua barua akaacha harusi. Rekodi pande zote mbili, tafuta mahali upande A unapofifia, na uunganishe kwenye pigo la kwanza la tumba, si katikati ya kifungu cha gitaa. Faili za pande mbili zisizounganishwa zitunze pia.

Kijana anayesema dansi linachosha kwa kawaida amesikia upande A peke yake. Mpe B kwanza. Au mwanzishie mahali ambapo tayari yuko: akicheza "Sina Makosa" ya Les Wanyika harusini, mwambie Les Wanyika walijitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, na Simba Wanyika ni ya kina Kinyonga, Wilson na George, vijana wa Tanga walioanzia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Nairobi mwaka 1971. Lile gitaa la ridhimu linalozunguka bila kuchoka lina ukoo hapa. Kumlaumu kwa kupenda Bongo Fleva ni kupoteza muda; masikio yake yamezoea besi ya spika kubwa, na rekodi ya zamani iliyosafishwa kupita kiasi haina besi wala manyanga.

Maana hilo nalo lipo. Programu za kuondoa kelele haziwezi kutofautisha mvumo wa kanda na manyanga. Vyote ni "shhh" kwa kompyuta. Ukiminya sana, manyanga yanatoweka, matoazi yanatoweka, na kinachobaki kinasikika kama bendi iliyozamishwa. Chukua sampuli ya kelele pale kabla wimbo haujaanza, punguza desibeli 6 tu, na ukisikia mlio wa maji rudi nyuma. Kelele kidogo si aibu.

Na mpira ulio katikati ya nyimbo usiukate. Kwanza ni mpira wetu: Coastal Union, Wagosi wa Kaya, na African Sports, Wana Kimanumanu, wakati mji mzima ulikuwa na timu mbili na si Arsenal na Manchester. Pili, ndio unaokupa tarehe. Coastal ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Mtangazaji akiiita bingwa, unajua kanda haitangulii hapo. Akimwita Mbaraka marehemu, ni baada ya Januari 1979, alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa. Kituo kikijitaja Sauti ya Kenya, kilichokuwa kikisikika vizuri sana Tanga, ni kabla jina halijabadilishwa kuwa KBC mwaka 1989. Ukisikia redio ya binafsi, umeshaingia miaka ya tisini. Andika dakika na sekunde ya kila fununu ya namna hii kwenye faili la maandishi lenye jina sawa na la sauti.

Nakala ziwe tatu: kompyuta, diski ya nje, na moja nyumba nyingine, isiyo mtaa mmoja na yako. Kuzipandisha mtandaoni ni habari tofauti. Nyimbo zina wenyewe, na warithi wao wengi wapo mjini. Ulizia kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Sahani zenyewe zirudi kabatini zikiwa zimesimama wima, bila kulazwa moja juu ya nyingine, mbali kidogo na ukuta wa nje, kwa sababu ukuta wa matumbawe au tofali unavuta unyevu na mchwa hupandia humo humo. Vipakiti vya silika vinavyobadilika rangi vikishageuka, vikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili kama vimefungwa kwa kitambaa kinachostahimili joto. Vya plastiki badilisha.

Waimbaji usiowatambua usiwabahatishie majina. Weka nyimbo kwenye simu, nenda na spika ndogo barazani kwa wazee baada ya swala ya alasiri, piga sekunde thelathini za kila wimbo, na uwashe rekoda ya simu ya pili. Watabishana nani alikuwa kwenye solo. Rekodi na ubishi wenyewe.